Jino Lisilouma

Dawa ya jino bovu ni kung'oa. Msemo huu umetumika sana majukwaani, hasa pale mwanasiasa anapotaka mwenzake afukuzwe chamani, hata wengi wetu tumesahau kwamba hapo mwanzo ulikuwa ushauri wa kitabibu, na ushauri wa kweli. Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu jino lililooza halikuwa na tiba nyingine. Aliyeumwa alivumilia, akasukutua kwa maji ya chumvi, akabana karafuu kwenye tundu, na alipochoka akamtafuta mwenye koleo. Leo daktari wa meno humtajia mgonjwa dalili nyingi za kuja nazo mapema: jino linalohisi ganzi kwa maji baridi au chai ya sukari, doa jeusi kwenye gego, nyama inayonasa pahali palepale kila siku, kizibo cha zamani kilicholegea, jino lililopasuka, pengo lililoachwa wazi. Kisha hushangaa, pengine hukasirika, kwamba watu hawaji mpaka shavu limevimba. Hoja yangu ni kwamba mshangao huo unaisahau historia. Dalili haikai mwilini ikimsubiri kila mwenye macho aisome. Jambo huwa dalili pale linapomwelekeza mtu kwenye kitu cha kufanya, na kwa upande wa meno kitu cha kufanya kimebadilika mara nyingi, na kila kilipobadilika kilibadilisha pia kile ambacho watu waliweza kukiona vinywani mwao.

Tuanze na mdudu, maana yeye alitawala muda mrefu kuliko nadharia nyingine yoyote. Kibao cha udongo kutoka Babeli kinasimulia jinsi mdudu alivyokataa matunda aliyopewa na miungu, akaomba badala yake makazi kati ya jino na ufizi. Simulizi hiyo ilisomwa juu ya mgonjwa kama sehemu ya tiba. Imani kama hiyo ilikuwepo India, China na Ulaya, na Afrika Mashariki mpaka leo mtu husema jino lake limeliwa na mdudu bila kudhani kwamba ametaja itikadi yoyote. Ni rahisi kucheka. Lakini mdudu alieleza karibu kila kitu ambacho mgonjwa alikuwa nacho kama ushahidi: tundu lililofanana na lile la bungua kwenye hindi, maumivu yanayotafuna kwa vipindi na kuzidi usiku, na zaidi ya yote, kimya cha ghafla baada ya siku nyingi za mateso. Waganga wa Ulaya ya kale walichoma mbegu za mmea wenye sumu ya kulevya, wakamfukiza mgonjwa moshi kinywani, kisha wakamwonyesha vijidudu vyeupe vilivyodondoka kwenye bakuli la maji. Vilikuwa viini vya mbegu zenyewe, vilivyofumuka kwa moto. Mgonjwa aliiona maiti ya adui yake kwa macho, maumivu yakatulia baada ya siku chache, na nani angemwambia kwamba hajapona?

Hapa msomaji anaweza kupinga mapema: maumivu si zao la historia, jino likiuma linauma, iwe Babeli au Buguruni. Ni kweli, lakini ukweli huo unasaidia kidogo kuliko unavyoonekana. Gamba gumu la nje la jino halina mishipa ya fahamu. Kuoza kunaweza kulipenya kwa miezi au miaka bila mwenye jino kujua chochote. Kunapofika kwenye tabaka la chini yake, laini zaidi, ndipo ganzi huanza, ile inayokuja na maji ya barafu na kuondoka mara tu unapomeza. Kunapofika kwenye kiini chenye damu na mishipa, ndipo huja maumivu yasiyohitaji kuchokozwa, yale ya saa nane usiku. Kisha kiini hufa, na jino hunyamaza. Ukimya huo ndio uliowadanganya watu wa Babeli, na unawadanganya wengi sasa: mtu humeza vidonge siku tatu, jino likatulia, akashukuru. Chini ya mzizi usaha unajikusanya, na mara nyingine atakayoumwa atakuwa na uvimbe. Maana yake ni kwamba mwili hutoa taarifa kubwa kabisa wakati ambapo kuziba tu hakutoshi tena, halafu huifuta taarifa hiyo wakati hatari inaongezeka. Kwa aliyekuwa na koleo tu, mpangilio huo haukuwa na kasoro. Maumivu makali yalikuwa kipimo kizuri cha lini kung'oa. Kasoro ilizaliwa siku mtu alipoweza kuliokoa jino.

Siku hiyo haikuwa moja. Pierre Fauchard, daktari wa Paris aliyechapisha mwaka 1728 kitabu kikubwa cha kwanza kuhusu upasuaji wa meno, aliwatafuta wadudu kwa hadubini asiwaone, akaituhumu sukari, na akaeleza namna ya kukwangua tundu na kulijaza risasi, bati au dhahabu. Kwake tundu dogo lilikuwa tayari na maana, kwa sababu alikuwa na cha kulifanyia. Lakini wangapi walimfikia Fauchard? Tiba yake ilikuwa ya wenye nafasi, kama yalivyokuwa meno ya bandia tangu wanawake matajiri wa Etruria, Italia ya kale, walipofungiwa meno kwa mikanda ya dhahabu. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alibakiwa na jino moja tu la kwake. Meno yake ya bandia yalikuwa mchanganyiko wa pembe, madini, springi na meno ya watu, na daftari la hesabu za shamba lake la Mount Vernon la mwaka 1784 linaonyesha malipo kwa watumwa kwa ajili ya meno 9. Wanahistoria wanajadiliana kama meno hayo ndiyo yaliyoingia kinywani mwake. Malipo yenyewe hayana ubishi. Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815 maiti za askari vijana ziling'olewa meno yakauzwa kwa watengenezaji wa Ulaya. Na pale ambapo jino la mtu halikupatikana, lilitumika la mnyama, hasa kiboko, ambalo ni gumu kuliko pembe ya ndovu na halikimbilii kugeuka njano. Meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa Zanzibar katika karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Mtu wa Pangani aliyemuuzia mfanyabiashara jino la kiboko hakuwa na sababu yoyote ya kuwaza kwamba pengo ni tatizo linaloweza kujazwa. Mteja wa London, aliye mwisho wa njia hiyohiyo ya biashara, alikuwa nayo. Pengo lilikuwa lilelile.

Karafuu yenyewe inastahili neno, maana ndiyo mchango wa visiwa vyetu ulioingia ndani kabisa ya jino. Mafuta yake hutuliza mishipa ya fahamu, jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kemia, na kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 19 madaktari wa Ulaya na Marekani waliyachanganya na unga wa oksaidi ya zinki kupata kizibo cha muda. Mchanganyiko huo bado unatumika, na ndio unaoipa kliniki ya meno harufu yake. Wakati huo Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiongoza duniani kwa karafuu.

Kilichofuata Ulaya na Marekani ni sehemu ya historia hii inayonipa shida zaidi kuitetea hoja yangu, na kwa hiyo nitaikalia. Mwezi Desemba 1844 Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, alivuta gesi ya kuchekesha akang'olewa jino lake mwenyewe bila kuhisi maumivu. Mwaka 1846 mwenzake William Morton alionyesha kazi ya etha mbele ya madaktari wa Boston. Miaka michache baadaye mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu ulitoa kitako cha bei nafuu cha meno ya bandia, kilichokaa vizuri kwenye ufizi kuliko pembe yoyote. Kampuni iliyoshika hataza ya kitako hicho iliwadai madaktari ada kwa ukali kiasi kwamba mweka hazina wake, Josiah Bacon, alipigwa risasi na kufa San Francisco mwaka 1879, na aliyempiga alikuwa daktari wa meno. Sasa tazama kilichotokea kwa dalili. Kung'oa hakuumi tena, na badala ya kinywa kitupu kuna meno mapya kwa bei ya kawaida. Mara moja jino moja linalouma likawa ishara kwamba yote yafaa kuondoka. Mwaka 1910 daktari wa Uingereza William Hunter alihutubia Montreal akalaumu kazi za dhahabu zilizojengwa juu ya mizizi yenye usaha, akizihusisha na magonjwa ya mwili mzima. Kwa miongo iliyofuata mtu mwenye maumivu ya viungo au uchovu usioeleweka angeweza kushauriwa aondoe meno yake yote. Katika baadhi ya familia za Uingereza msichana aling'olewa meno kabla ya harusi ili mume asije akabebeshwa gharama. Huduma ya afya ya taifa ilipoanza mwaka 1948, watu walimiminika kudai meno ya bandia kwa wingi uliotikisa bajeti; serikali ilipoweka malipo kwa meno hayo na miwani mwaka 1951, waziri Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma hiyo, alijiuzulu. Uchunguzi wa mwaka 1968 ulikuta asilimia 37 ya watu wazima wa England na Wales hawana hata jino moja la asili.

Basi pingamizi lenye nguvu ni hili: kama kifaa ndicho kinachozaa dalili, je, dalili si tangazo la biashara tu? Anayeuza meno ya bandia ataona vibogoyo watarajiwa kila anapogeuka, na anayeuza vizibo ataona matundu. Sikatai. Hata uzibaji ulikuwa na ulafi wake. Baada ya James Morrison kusajili mashine ya kutoboa jino kwa kukanyagwa na mguu mwaka 1871, na hasa baada ya G. V. Black wa Chicago kuweka kanuni zake mwanzoni mwa karne ya 20, daktari alifundishwa kupanua tundu hadi kwenye sehemu za jino ambazo hazijaoza ili kuoza kusirudi. Jino zima lilikatwa kwa sababu mashine iliweza kulikata. Ila kuna tofauti ambayo pingamizi hilo linairuka. Dalili iliyozaliwa na kifaa inaweza kupimwa baadaye kwa swali ambalo halimtegemei muuzaji: je, aliyeitii anakula vizuri zaidi baada ya miaka 20 kuliko asiyeitii? Kwa kipimo hicho ung'oaji wa jumla ulishindwa, na Waingereza wenyewe wakauacha, hata kufikia mwaka 2009 wasio na meno kabisa walikuwa takriban asilimia 6. Dalili ya tundu dogo lisilouma haikushindwa. Willoughby Miller alionyesha mwaka 1890 kwamba bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayolila jino, na picha za eksirei, zilizojaribiwa kwenye meno tangu mwaka 1896, ziliwezesha kuona kuoza kati ya meno mawili pasipofikiwa na jicho. Kwa mara ya kwanza jino lisilouma lingeweza kuitwa gonjwa, na wito huo ukathibitika.

Afrika Mashariki iliingia kwenye historia hii ikiwa na usomaji wake wa kinywa, na si haki kuueleza kama ujinga uliosubiri kufutwa. Miongoni mwa Wajaluo meno 6 ya mbele ya chini yaling'olewa vijana walipokomaa. Wamasai waliondoa 2 ya kati. Pengo hilo lilisema mtu ni wa nani na amefika umri gani, na maelezo yaliyotolewa mara nyingi ni kwamba lilikuwa pia mlango wa kumnywesha uji au maziwa mtu ambaye taya zake zimekazwa na pepopunda. Wamakonde walichonga meno yao yakawa na ncha. Kando ya Mlima Meru na Kilimanjaro, ambako maji yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, meno ya kahawia humtambulisha mtu kwao kabla hajataja kijiji. Ni jino lenye madoa lakini si lazima liwe limeoza, na daktari mgeni asiyejua hilo anaweza kuona ugonjwa ambapo pana jiografia tu. Katika mazingira hayo mwambie mzee wa Kijaluo wa mwaka 1930 kwamba pengo la mbele ni dalili ya kuhitaji jino la bandia. Mila hiyo ya Wajaluo ya kung'oa meno, iitwayo nago, ilififia katika karne ya 20, kwa msukumo wa shule na makanisa, na hapo tu ndipo pengo lilipoanza kuwa upungufu. Wapo walioishi na pengo hilo kwa fahari ujanani, kisha wakatamani kulificha uzeeni.

Kuna mfano mwingine ulio mchungu zaidi, nao unapinga wazo kwamba watu wetu hawajali dalili za mapema. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Tanzania wamekuwa wakiandika kuhusu kinachoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto mchanga ana homa na kuharisha. Ufizi wake, pale chonge zitakapoota, umeinuka na una weupe, kama ulivyo kwa watoto wengi wazima. Mganga anasema chini yake kuna jino bovu linalomla mtoto, anapasua na kulichimbua. Linalotolewa ni kichipukizi laini cha jino la utotoni. Baadhi ya watoto wamekufa kwa kupoteza damu, maambukizi au kwa ugonjwa wa awali ambao haukutibiwa, na wengine wamekua na chonge zilizopinda au zisizokuwepo. Uganda wanayo desturi kama hiyo, wakiyaita ebinyo, na Ethiopia pia ipo. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walikagua kinywa cha mtoto asiyeweza kusema panapouma, wakaona badiliko dogo kuliko doa lolote la kwenye gego, wakasafiri, wakalipa. Walifanya yote ambayo mabango ya afya huwataka wafanye. Kilichowapotosha ni kwamba aliyekuwa karibu na jibu alikuwa na jibu la uongo. Mtu huitii dalili yenye mlango wa kugonga. Ukiwa ni mlango mmoja tu, ataugonga huo.

Na mlango wa pili ulikuwa mbali mno. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na Dar es Salaam mwaka 1979. Kabla ya hapo daktari wa meno alikuwa mtu wa mjini, na aliposhuka kijijini alibeba koleo na sindano ya ganzi. Si kwamba alipenda kung'oa. Mashine ya kutoboa inataka umeme, hewa iliyoshindiliwa, maji safi na fundi, na zile zilizokuja baada ya mwaka 1957, zinazozunguka kwa kasi kubwa sana, zilitaka vyote hivyo kwa wingi zaidi. Kituo cha afya kisicho na jenereta hakikuweza kuwa na kizibo. Kwa hiyo mwanamke wa Kilosa aliyeona doa jeusi kwenye gego la mwanawe, akaenda kituoni, angeambiwa nini? Arudi likiuma. Akirudi, litang'olewa. Baada ya safari moja ya aina hiyo angekuwa amejifunza, kwa akili timamu kabisa, kwamba doa jeusi si habari.

Katikati ya miaka ya 1980 kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, liligeuza swali. Badala ya kuuliza jinsi ya kupeleka mashine kijijini, liliuliza kama mashine inahitajika. Jibu lao lilikuwa kumlaza mtoto juu ya meza ya shule, kupanua mdomo wa tundu kwa patasi ndogo ya mkono, kukwangua sehemu iliyolainika kwa kijiko cha chuma kisichozidi punje ya mtama, kuiacha ile iliyo ngumu, kisha kuziba. Wakati huo kulikuwa na saruji mpya iliyovumbuliwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent na kutangazwa mwaka 1972, inayoshikamana na jino kwa kemia yake yenyewe na kutoa floridi kidogokidogo. Ndiyo iliyokuja kuwa moyo wa mbinu hii, ikishindiliwa kwa kidole kilichopakwa mafuta ya vaselini. Mara nyingi hata sindano haikuhitajika, kwa kuwa sehemu iliyokufa haina hisia. Majaribio makubwa yalifanyika Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza mbinu hiyo kwa mataifa yote. Inafundishwa leo hata kwenye nchi zenye umeme wa kutosha, kwa watoto wanaoogopa mlio wa mashine na wazee wasioweza kutoka nyumbani. Ni ajabu kwamba Watanzania wachache wanajua ilikoanzia.

Umuhimu wake kwa hoja yangu hauko kwenye sifa. Mbinu hii ina mipaka: tundu la upande mmoja wa jino huzibika na kudumu vizuri, lakini lile lililokula pande mbili au zaidi hupoteza kizibo mapema zaidi, na jino ambalo kiini chake kimeshafikiwa halifai kabisa. Kwa hiyo ni tiba ya tundu dogo. Lakini tundu dogo ndilo lililokuwa halionekani. Palipokuwa na mtu mwenye patasi na saruji, ganzi ya maji baridi na nyama iliyonasa vilipata kituo cha kwenda, na muda ukawa na thamani: miezi kadhaa baadaye, tundu lingeweza kuwa la pande mbili. Hapa ndipo wanaosisitiza elimu peke yake wanaponipinga, wakisema mbinu ipo tangu miaka ya 1980, na bado kwenye vituo vingi vya Tanzania kazi kubwa ya tabibu wa meno ni kung'oa. Basi, wanasema, tatizo ni watu kuchelewa. Nadhani wanageuza mfuatano. Mbinu kuwepo kwenye vitabu vya Muhimbili si sawa na saruji kuwepo kabatini Kibondo. Saruji hiyo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 tu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na dawa ya fedha na floridi inayopakwa kusimamisha kuoza. Miaka 35 hivi ilipita kati ya meza ya shule na orodha hiyo. Anayechelewa kufika kliniki ya kung'oa hajachelewa. Amefika kwa wakati unaofaa kwa huduma inayotolewa pale.

Limebaki pengo, ambalo ni swali gumu kuliko tundu. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, aligundua kwamba chuma cha titani alichokiweka kwenye mfupa wa sungura hakitoki tena, na mwaka 1965 alimwekea mtu wa kwanza meno yaliyosimama juu ya skrubu za titani ndani ya taya. Hospitali za Dar es Salaam na Nairobi sasa zinatoa tiba hiyo kwa wenye uwezo, na kama hoja yangu ni sahihi tutegemee kila pengo lianze kutazamwa kama dalili. Tayari linaelezwa hivyo: jino likitoka, majirani zake huegemea, la upande wa pili hushuka, namna meno yanavyokutana hubadilika. Hayo hutokea, ingawa si kwa kila mtu wala kwa kasi moja. Kwa upande mwingine Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 hoja kwamba mtu anaweza kula bila taabu akibaki na meno ya mbele na sagego, yaani meno yaliyo kati ya chonge na magego, hata magego ya nyuma yakiwa yameondoka. Watafiti wa Tanzania na Uholanzi walilipima wazo hilo kwa Watanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliobakiwa na sagego zote na walau jozi moja ya magego yanayokutana walitafuna vya kutosha. Malalamiko makubwa yalikuwa kwa waliopoteza mpaka sagego.

Matokeo hayo yanampa daktari wa hapa kipimo ambacho hakikutoka kwenye orodha ya bei. Aliyepoteza gego moja la mwisho, anatafuna mahindi ya kuchoma pande zote mbili na hana jino linalolegea, hana dalili ya kuhitaji jino jipya, hata kama chombo cha kuliweka kipo chumba cha pili. Aliyeanza kutafuna upande mmoja tu, au anayemeza nyama bila kuisaga, au anayeacha vyakula fulani kimyakimya, anayo, hata kama pengo lake liko nyuma ambako hakuna anayeliona. Watu wenyewe huja wakiuliza pengo la mbele, kwa sababu za sura na heshima, na sioni kwa nini sababu hizo zidharauliwe wakati mababu zao walitoboa mapengo kwa sababu hizohizo. Lakini la nyuma, lile la anayekula upande mmoja, hakuna anayelitaja mpaka aulizwe. Na kuulizwa kunahitaji tabibu ambaye, akisikia jibu, ana kingine cha kushika zaidi ya koleo.